Wasafiri wa Zamani Walivyojifunza Lugha za Ugenini

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole, akituo mahali palipoandikwa Kituo.)

  Wekeni daftari na penseli karibu, maana leo tutaandika kidogo.

Somo hili ni la historia, lakini ni historia yenye faida ya kila siku. Wengi wenu mna safari mbele yenu. Mmoja anakwenda Kampala kununua bidhaa. Mwingine anakwenda Kigali kumtazama mwanawe aliyeoa huko. Mwingine amepata kazi Maskati. Kila mmoja anajiuliza swali lile lile: “Nikifika, nitasemaje na watu? Sina muda wa kwenda shule ya lugha, wala sina fedha ya kumlipa mwalimu.”

Swali hilo si jipya. Wako watu waliojiuliza hivyo zaidi ya miaka mia na sitini iliyopita, hapa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Wakati huo hapakuwa na kamusi iliyopigwa chapa ya lugha nyingi za huku, wala hapakuwa na redio. Hata hivyo walijifunza. Leo tutawatazama watu hao mmoja mmoja, na kwa kila mmoja tutauliza: huyu alifanya nini, nasi twaweza kuchukua nini kwake?

1. Maneno yaliyopita vinywa vinne

Kwanza tumtazame mtu ambaye hakuijua lugha ya mahali alipofika.

Mwaka 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika Buganda, katika kikao cha Kabaka Mutesa. Speke alikuwa askari wa jeshi la Kiingereza katika Bara Hindi, na huko alijifunza Kihindustani. Kiganda hakukijua. Basi alisemaje na Kabaka?

Alikuwa na mtu wake aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao. Alipokuwa kijana alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akapelekwa mpaka Bara Hindi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Afrika. Hakuna aliyemfundisha Kihindustani darasani. Alikipata kwa kutumwa sokoni, kwa kuamrishwa, na kwa kuishi na watu, naye alikuwa na Kiswahili pia.

Sasa sikilizeni jinsi neno moja lilivyosafiri. Speke alimwambia Bombay kwa Kihindustani. Bombay akamwambia mtu mwingine, jina lake Nasib, kwa Kiswahili. Nasib akamwambia mmoja wa wakubwa wa baraza kwa Kiganda, kwa kuwa haikuwa adabu mtu wa kawaida kumwambia Kabaka moja kwa moja. Ndipo mkubwa yule akamwambia Kabaka. Jibu nalo likarudi kwa njia ile ile.

Hesabuni vinywa: Speke, Bombay, Nasib, na mkubwa wa baraza. Ni vinne. Kama mmoja wao hakusikia vizuri, au aliogopa kusema jambo zito, au alipunguza neno kwa hiari yake, Speke asingejua. Alikuwa amesimama mbele ya mfalme mwenye nguvu ya kumpa njia au kumnyima, na maneno yake yalikuwa mikononi mwa wengine.

Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Mkalimani ni mtu wa faida sana. Bombay aliwaongoza wasafiri wengine baada ya Speke, na mwaka 1873 mpaka 1875 alivuka bara la Afrika pamoja na Cameron, toka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi. Lakini msafiri asiyejua hata neno moja hawezi kupima kama mkalimani wake amesema sawa. Maneno mia mbili tu unayoyajua mwenyewe yatakusaidia kumsikiliza mkalimani wako na kuona amepita njia gani.

(Kituo. Wanafunzi waseme: ni nani katika darasa hili aliyewahi kusemewa na mkalimani? Alijuaje kama maneno yamefika sawa?)

2. Kadhi wa Mvita na mgeni wake

Sasa turudi nyuma, mpaka mwaka 1844. Mwaka huo Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alikuja kukaa Mombasa. Alikuwa mtu wa dini, naye alitaka kwenda bara. Kwanza alimwendea Sayyid Said, Sultani wa Unguja, akapewa barua ya kumjulisha kwa watu wa pwani.

Mwanzo wake ulikuwa wa msiba. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mke wake alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Watu wengi wangefunga mizigo na kurudi kwao. Yeye alikaa, na kazi aliyoishika katika miezi hiyo ilikuwa ya kujifunza Kiswahili.

Alikifunzaje? Krapf hakujua Kiswahili, lakini alijua Kiarabu, kwa kuwa kabla ya hapo alikaa miaka mingi Uhabeshi na nchi za jirani. Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin, naye alijua Kiarabu. Basi Kiarabu kilikuwa daraja kati yao. Mgeni aliuliza kwa Kiarabu, mwenyeji akajibu kwa Kiswahili.

Tena hawakukaa na kukariri orodha ya majina ya wanyama. Walikamata kazi moja. Mwezi wa Juni mwaka 1844 walianza kufasiri kwa Kiswahili kitabu cha Mwanzo, chenye habari za kuumbwa kwa dunia. Mmoja alikuwa Mkristo, mwingine Mwislamu na kadhi, lakini habari za Adamu na Nuhu zote wawili walizijua. Hapo pana hekima kubwa. Ukisoma au kusikia kwa lugha ngeni jambo ambalo habari yake umekwisha kuijua, akili yako haina mzigo wa kutafuta habari. Inatafuta maneno tu.

Kwa hiyo twapata mambo mawili. La kwanza, tafuta lugha ya daraja. Ukienda Kigali na Kinyarwanda hukijui, tafuta mtu anayejua Kinyarwanda na Kiswahili, nao ni wengi. La pili, mwombe akusimulie kwa lugha yake hadithi unayoijua tayari, kama ile ya sungura na fisi. Utashangaa jinsi utakavyoanza kufuata kabla hujajua nusu ya maneno.

3. Daftari lenye safu sita

Krapf alikuwa na tabia nyingine: aliandika kila kitu. Mwaka 1850 alipiga chapa huko Ujerumani kitabu cha maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki. Lugha hizo zilikuwa Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, ambacho leo huitwa Kioromo. Maneno yaliandikwa katika safu, lugha hii karibu na lugha hii.

Faida ya safu ni kwamba jicho linaona udugu. Tuchukue neno moja, “mtu.” Mkamba husema mundu, Mganda omuntu, Mnyarwanda umuntu, na watu wa Ziwa Nyasa husema munthu. Chukueni hesabu, “tatu.” Mkamba husema itatu, Mganda ssatu, Mnyarwanda gatatu. Msemaji wa Kiswahili akienda kwa hao haanzi mkono mtupu. Akipanga maneno katika safu ataona mwenyewe jinsi mwanzo wa neno unavyobadilika na shina likabaki. Kioromo, lakini, si cha ukoo huo, na katika safu za Krapf tofauti hiyo huonekana mara moja.

Kuandika kulikuwa na mwisho wake pia, na hapa tutoe mfano wa jina mnalolijua wote. Mwaka 1849 Krapf alikwenda Ukambani, kwa mkubwa wa Kitui aliyeitwa Kivoi. Toka huko aliuona kwa mbali mlima mrefu wenye theluji. Wakikuyu huuita mlima huo Kirinyaga. Wakamba huuita Kiinyaa. Krapf alilisikia jina kwa Wakamba, akaliandika kama sikio la Mjerumani lilivyolipokea, na toka hapo likaingia katika ramani za Ulaya. Baadaye likawa jina la nchi nzima: Kenya. Sikio moja na kalamu moja zinaweza kufanya jambo kubwa. Kwa hiyo ukiandika neno, mwulize mtu wa pili na wa tatu kabla hujaliamini.

Je, kujua lugha kulimfaa Krapf katika hatari? Mwaka 1851 alikwenda tena na Kivoi, wakielekea mto Tana. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa, na Krapf akatengana na wenziwe. Alitembea porini akiwa na kiu, na alipopata maji aliyajaza katika mitutu ya bunduki yake kwa kukosa chombo. Alipofika kwa Wakamba, jamaa za Kivoi walimlaumu. Kwa nini amerudi yeye, na rafiki yake amekufa? Palikuwa na maneno ya kumwua. Hapo hapakuwa na kikao cha wakalimani. Lakini Krapf alikuwa na Kikamba. Kitabu chake chenye safu ya Kikamba kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla. Alitoroka usiku, na hatimaye akafika Rabai salama.

(Kituo. Mwalimu achore ubaoni safu tatu. Ya kwanza: neno letu. Ya pili: neno lao. Ya tatu: nani aliniambia, na wapi.)

4. Mwalimu aliyekuwa mtumwa

Huko Rabai Krapf alikuwa na mwenzake, Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846. Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1848. Lakini leo twataka habari zake za lugha.

Rebmann alitamani kujua lugha ya nchi za Ziwa Nyasa, mbali sana na Rabai. Hakuweza kwenda. Basi katika miaka ya 1850 alimpata mtu wa nchi hiyo aliyekuwa karibu naye, jina lake Salimini. Salimini alikuwa mtumwa. Alichukuliwa kwao, akaletwa pwani kama wengine wengi wa wakati ule. Mbele ya Rebmann alikaa akataja maneno ya kwao: ya shamba, ya nyumba, ya mvua, ya ndugu na wakwe. Rebmann aliyaandika yote. Alirudi Ujerumani akiwa kipofu, akafa mwaka 1876. Kamusi yake ya Kinyasa ilitoka mwaka 1877, na Krapf ndiye aliyeitengeneza kwa chapa.

Twajifunza nini? Kwanza, si lazima ufike nchi ya watu ndipo uanze lugha yao. Mwenye lugha hiyo huenda yuko mtaani kwako. Yuko dereva wa lori atokaye Kampala. Yuko mama anayeuza vitambaa aliyezaliwa Bujumbura. Yuko mzee aliyefanya kazi Maskati miaka kumi. Wiki nne za kuzungumza naye nusu saa kila jioni zitakupa mwanzo mwema kuliko kungoja mpaka ushuke katika basi.

Pili, mwalimu wa lugha si lazima awe mtu mwenye cheo wala mwenye vyeti. Kamusi nzima ilitoka katika kumbukumbu ya mtu aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa lugha yake. Tunapomtaja Rebmann, ni haki tumtaje na Salimini. Nawe ukifundishwa na mtu, usimtumie kama kisima cha bure. Mpe heshima yake, mfundishe na wewe neno la kwenu, na kama una kitu, mshike mkono.

5. Kila mji na maneno yake

Mwaka 1864 Mwingereza Dakta Edward Steere alifika Unguja. Baadaye, mwaka 1874, alifanywa askofu. Steere hakutosheka na maneno mamoja mamoja. Aliwaomba watu wa Unguja wamsimulie hadithi, akaziandika kama walivyozisema. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili huko London: kimoja cha sarufi na maneno ya Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, na kimoja cha hadithi za Waunguja.

Kwa nini hadithi? Kwa sababu katika hadithi maneno hayakai peke yake. Yanatembea. Mtu anaingia, anaamkia, anaomba maji, anauliza njia, anagombana, anasuluhishwa. Mwanafunzi anayejua neno “maji” peke yake ana jina la kitu. Anayejua “Naomba maji ya kunywa” anaweza kukata kiu.

Tena angalieni maneno yale, “kama kinavyosemwa Unguja.” Krapf alijifunzia Mombasa, Steere Unguja, na Kiswahili cha miji hiyo miwili kina tofauti zake. Mtu wa Mombasa wa kale humwita mwenziwe kwa kusema “Ndoo!” Kwa Mwunguja, ndoo ni chombo cha kutekea maji. Yeye husema “Njoo!” Mgeni aliyejifunza mji mmoja akiita katika mji wa pili, huenda akaletewa chombo. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiswahili cha Unguja kilichaguliwa kiwe msingi wa lugha sanifu ya shule na vitabu. Hiyo ndiyo tunayosoma katika madarasa haya. Lakini Kimvita hakikufa, na mwenye kwenda Mombasa bado hukisikia.

Basi ukijifunza lugha kwa ajili ya safari, uliza: hii ni lugha ya wapi? Tuchukue Kiarabu. Katika kitabu utaona kwamba “Nini hiki?” ni “Ma hadha?” Lakini sokoni Maskati watu wana namna yao wenyewe ya kuuliza. Kitabu kitakupa msingi, na mtu aliyetoka huko atakupa maneno ya mtaani. Vitake vyote viwili.

6. Binti Sayyid katika mji wa Hamburg

Mpaka hapa tumesema juu ya wageni waliokuja kwetu. Sasa tumtazame mtu wa kwetu aliyekwenda ugenini. Huyo ni Salme, binti Sayyid Said. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, mwaka ule ule Krapf alipofika Mombasa.

Wakati wake wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma, lakini si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ulitumika kama ubao, akaiga herufi za Kurani moja moja mpaka mkono wake ukazoea. Ninyi mliojifunza kuandika mkiwa watu wazima mwajua kazi hiyo.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza, akashukia Aden. Mwaka 1867 aliolewa huko na mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete, aliyekuwa amekaa Unguja, kisha wakaenda Hamburg. Kijerumani hakukijua. Lakini mume wake alijua Kiswahili, nao walisema Kiswahili. Mume alikuwa daraja lake kwa mji mzima.

Mwaka 1870 mume wake aliumia kwa ajali ya tramu, gari la abiria lipitalo katika reli za mjini, akafa. Salme alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano hivi, na watoto watatu wadogo. Wapangisha nyumba, wenye maduka, wanasheria, walimu wa watoto, wote walisema Kijerumani. Daraja lilikuwa limevunjika kwa siku moja.

Salme hakuzama. Alishika Kijerumani kwa kukaa na watu na kwa kuendesha nyumba yake. Alipata riziki pia kwa kufundisha Kiarabu, yaani lugha yake ya nyumbani aliigeuza kuwa kazi. Na mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, kwa Kijerumani. Msichana aliyeiga herufi katika mfupa wa ngamia alikuja kuwasimulia Wajerumani habari za Unguja kwa lugha yao wenyewe. Alikufa Ujerumani mwaka 1924.

Nawaombeni mlishike hili, hasa ninyi mnaomfuata mume, au ndugu, au tajiri wa kazi, ugenini. Mtu wako anayekusemea leo huenda kesho akawa mgonjwa, au mbali, au marehemu. Usimwachie lugha yote. Kila juma mwombe akae kimya sokoni, wewe useme. Mwombe akusomee barua ya kodi, kisha isome wewe mbele yake. Unafanya hivyo wakati yupo, ili uweze wakati hayupo.

(Kituo.)

7. Nasi tufanyeje?

Sasa tukusanye mavuno. Tumeona watu wa aina mbalimbali: askari, kadhi, mtumwa, askofu, binti wa Sultani. Lakini waliofanikiwa walipita njia moja. Walimpata mtu mwenye subira, wakasema naye mambo ya kweli, wakayaweka maneno akilini au katika daftari, na hawakuona haya kuuliza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Fanyeni hivi. Mwezi mmoja kabla ya safari, tafuta mtu mmoja wa lugha hiyo. Mwombe akupe sentensi hizi, nawe uziandike kama unavyozisikia:

Moja, maamkio ya asubuhi na jioni, pamoja na ahsante.
Mbili, “Hiki kinaitwaje?”
Tatu, “Sijafahamu. Sema tena, polepole.”
Nne, “Bei gani?”
Tano, “Njia ya kwenda mahali fulani ni ipi?”
Sita, “Naomba maji. Naomba chakula.”
Saba, “Naumwa. Nataka daktari.”
Nane, “Tafadhali nisaidie.”

Ongeza hesabu toka moja mpaka kumi, kisha mia na elfu, maana bila hesabu utadanganywa bei.

Sentensi ya pili, “Hiki kinaitwaje?”, ndiyo mama wa zote. Mganda husema “Kino kiki?” Mnyarwanda husema “Iki ni iki?” Ukiwa na sentensi hiyo moja, kila mtu unayekutana naye ni mwalimu. Unaonyesha kikombe, unauliza. Unaonyesha ndizi, unauliza. Jioni unaandika katika zile safu tatu.

Halafu fuateni kanuni ya maneno matano. Kila siku maneno matano tu, lakini uyatumie siku ile ile kwa mtu, si kwa ukuta. Kwa mwezi mmoja utakuwa na maneno mia na hamsini. Haba na haba hujaza kibaba. Asubuhi, kabla ya kuongeza mapya, soma ya jana kwa sauti. Na watu wakicheka, cheka nao, kisha uliza lipi lililo sawa.

Wako watakaosema siku hizi simu inaweza kufasiri maneno. Ni kweli, na ni msaada mwema. Lakini simu nayo ni kinywa katikati yako na mwenzako. Huzima moto, hukosa mtandao, na katika lugha nyingi za kwetu hukosea. Itumie kama Speke alivyomtumia Bombay, lakini jiwekee na maneno yako mwenyewe ya kuipima.

Kazi ya juma hili

Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja anayejua lugha ambayo mwanafunzi haijui. Amwulize zile sentensi nane, aziandike katika safu, na chini yake aandike jina la lugha na mji ambao mtu huyo ametoka. Kisha amwendee mtu wa pili wa lugha hiyo, amsomee, na asahihishwe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Maneno ya Speke yalipita kwa nani na nani mpaka kumfikia Kabaka Mutesa? Hatari ilikuwa wapi?
2. Kiarabu kiliwasaidiaje Krapf na Sheikh Ali bin Mohedin? Katika mtaa wenu, lugha ya daraja ni ipi?
3. Kwa nini ni haki kumtaja Salimini tunapoitaja kamusi ya Rebmann?
4. Salme alikuwa na mume aliyejua Kiswahili. Hilo lilimsaidiaje, na upungufu wake ulikuwa nini?
5. Toeni mfano wa neno lenye maana moja kwenu na maana nyingine mji wa jirani.

Maneno ya kukumbuka

Mkalimani: mtu anayegeuza maneno ya lugha moja kuwa lugha nyingine kwa mdomo.
Kufasiri: kugeuza maneno ya lugha moja kuwa lugha nyingine.
Safu: mstari wa maneno yaliyopangwa toka juu kwenda chini.
Sanifu: iliyokubaliwa kutumika shuleni na vitabuni.

Ndugu wasikilizaji, somo letu limekwisha. Wanaosafiri, safari njema, na daftari lisisahauliwe nyumbani. Wanaobaki, mgeni akija mjini kwenu akaonyesha kikombe na kuuliza, “Hiki kinaitwaje?”, mjibuni polepole, mara mbili. Kwaherini.